Homa Baada ya Operesheni ya Moyo Si Malaria Kila Mara

Nawasalimu ninyi mlio Garsen, Minjila, Ngao, Tarasaa na Hola, na watoto wetu mlio Mombasa na Nairobi.

Leo nasema na kila nyumba yenye mtu aliyefanyiwa operesheni ya moyo, na sisi tunaokwenda kumwombea.

Kwetu huku mtu akishikwa na homa jibu tunalo tayari: malaria. Mto umefurika, mbu wamejaa, nani atauliza zaidi? Mtoto anatumwa kemisti. Lakini kama mgonjwa alifunguliwa kifua wiki tatu zilizopita kule Nairobi au Tenwek, Bomet, homa hiyo inaweza kuwa jambo lingine kabisa.

Moyo umekaa ndani ya kifuko chembamba. Daktari hawezi kuufikia bila kukikata. Kwa watu wengine, siku au wiki kadhaa baadaye, kinga ya mwili huanza kupigana na kifuko hicho kama adui. Kinavimba, na maji yanaweza kujaa kuuzunguka moyo. Wataalamu huita hali hii sindromu ya postiperikadiotomi. Jina gumu, lakini dalili zake mtu yeyote anaweza kuzishika: homa, uchovu, na maumivu ya kifua yanayochoma ukivuta pumzi au ukilala chali, yakapungua ukikaa na kuinama mbele.

Hata madaktari iliwachanganya. Miaka ya 1950 huko Marekani walidhani ni homa ya baridi yabisi, ile inayoharibu vali za moyo, imewarudia wagonjwa. Mwaka 1958 ikaandikwa kwamba hata watu ambao hawakuwa na ugonjwa huo walipata homa ileile baada ya operesheni. Kwa hiyo usimlaumu jirani kwa kukosea. Mpe habari.

Mara nyingi inatibika kwa vidonge vya kutuliza uvimbe. Hatari ni maji yakizidi: yanaubana moyo ushindwe kupiga. Mgonjwa akianza kukosa pumzi, kizunguzungu, au mishipa ya shingo ikimtoka, ni safari ya usiku huohuo.

Kipimo cha malaria apimwe, ndiyo. Lakini hata kikionyesha malaria, mwambieni mhudumu, "Huyu alipasuliwa moyo," mkamwonyeshe barua ya hospitali na kuomba apigwe picha ya eko. Msinunue antibiotiki kabla damu haijachukuliwa, maana homa inaweza pia kuwa wadudu walioingia kwenye vali, na dawa hizo huwaficha. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asipewe vidonge vya maumivu kiholela. Anaweza kuvuja damu.

Najua kuna atakayesema, "Mchungaji, tulishamwombea, tukarudi kwa daktari si ni kukosa imani?" Soma 2 Wafalme 20. Hezekia aliahidiwa uponyaji na miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Nabii hakuona aibu. Wewe unaona aibu ya nini?

Kinachoniuma ni michango yetu. Tunafanya harambee ya operesheni kwa shangwe, mgonjwa anarudi, anatoa ushuhuda, tunapiga makofi, kamati inavunjwa. Wiki ya nne homa inaingia na nyumbani hakuna hata nauli ya kufika Malindi. Mimi naona kamati isivunjwe mapema hivyo. Ibaki miezi mitatu, na fedha ya nauli na eko itengwe tangu siku ya kwanza. Kwa sisi ambao barabara hukatika maji yakijaa, hilo si la kungoja.

Kama nyumbani kwenu kuna aliyerudi karibuni kutoka operesheni ya moyo, niandikie inbox leo: alifanyiwa lini, kliniki yake ni lini, na ni nani mwenye gari karibu. Wazee wa kanisa tutakutana Jumatano baada ya maombi.