Mapipa ya Mwambani na Mapipa ya Tankini

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, halipiti Nyaishozi, wilayani Karagwe. Limeingia Kagera kwa upande wa Missenyi. Ubishi wake, hata hivyo, umefika Karagwe bila kusubiri bomba. Hoja tano ndizo zinazorudiwa, na nyingi zinataja mapipa bila kusema yamepimiwa wapi.

“Chini ya Ziwa Albert kuna ziwa jingine, la mafuta.” Hakuna. Mafuta yamo kwenye vitundu vidogo vya mwamba wa mchanga, tena yamechanganyika na maji. Chukua mfano wa kubuni: eneo la kilomita za mraba 10, unene mita 20, vitundu asilimia 25, maji asilimia 30 ya vitundu hivyo. Mwamba ni mita za ujazo milioni 200, lakini mafuta ni milioni 35 tu.

“Pipa la chini ndilo pipa la juu.” Sivyo. Kule chini mafuta yana joto, na presha imeyeyusha gesi ndani yake, kwa hiyo yamevimba. Yakipanda, gesi hutoka, mafuta hupoa na kunywea. Mkulima wa Nyaishozi hahitaji kuelezwa sana: kilo za kahawa ya maganda si kilo za kahawa safi. Kigawo cha kunywea kikiwa 1.15, zile mita za ujazo milioni 35 hubaki takriban milioni 30.4, sawa na mapipa milioni 191.

Msongamano nao hubadilika. Tuseme mita moja ya ujazo ya mafuta tankini ina kilo 876, na kule chini ilikuwa imebeba gesi ya kilo 49. Jumla, kilo 925, ilijaza mita za ujazo 1.15, ukigawanya unapata kilo 804 kwa mita ya ujazo. Mzigo umeongezeka, ila ujazo umeongezeka zaidi, ndiyo maana mafuta ya mwambani ni mepesi kuliko ya tankini.

“Uganda ina mapipa bilioni 6.5, yakinywea yanabaki 1.4.” Hapa mtu amejifunza kunywea, akaitumia kanuni hiyo pasipostahili. Zile bilioni 6.5 zimekwisha kuhesabiwa kwa kipimo cha tankini. Bilioni 1.4 ni makadirio ya yanayoweza kuvutwa. Mengine yatabaki yamenasa mwambani.

“Bomba litapashwa moto kwa kuwa mafuta ni mazito kuliko maji.” Mafuta hayo huelea juu ya maji. Tatizo lake ni nta: yakipoa huganda, hivyo bomba limesanifiwa kutunzwa kwenye joto la nyuzi 50 au zaidi. Kuganda ni jambo moja, msongamano ni jingine.

“Basi wataalamu wanabahatisha.” Hukadiria, na makadirio yana mipaka. Njia bora ya kujua kiasi cha kunywea ni kuchukua sampuli kisimani ikiwa bado na presha yake, kisha kuipima maabara. Pasipo sampuli hutumika fomula, kama ile ya mtaalamu Standing ya mwaka 1947, iliyotokana na mafuta ya California. Kuitumia kwa mafuta ya Albert bila kuihakiki ni kukaribisha kosa.

Kwa hiyo anayekutajia mapipa, muulize mawili kabla hujabishana naye: ni ya mwambani au ya tankini, na ni yaliyopo au yanayoweza kuvutwa?