Mkataba Usiosomeka ni Mtego

Tangazo la pikipiki ya mkopo unalisoma ukiwa ndani ya matatu inayokimbia. Malipo ya kwanza ni haya, kwa siku unalipa hivi. Herufi kubwa, rangi kali, picha ya kijana anayecheka. Ukiingia ofisini kutia sahihi, ubunifu wote umekwisha. Unapewa rundo la kurasa za Kiingereza cha mahakamani, herufi ndogo kama sisimizi, na karani anakuonyesha kwa kidole: weka sahihi hapa, hapa na hapa.

Hiyo si bahati mbaya. Aliyeandika tangazo na aliyeandika mkataba wanalipwa na mdosi mmoja.

Tunaambiwa ati Wakenya hawapendi kusoma. Acheni hizo! Ujumbe wa M-Pesa kila mtu anausoma: nani amepokea, pesa ngapi, saa ngapi, umekatwa ngapi, umebaki na ngapi. Mama mboga anausoma, mhadhiri anausoma. Wanausoma kwa sababu uliandikwa usomwe.

Na msituambie sheria haikubali. Huko Afrika Kusini, wakili Robert de Rooy alibuni mikataba ya kazi iliyochorwa kama katuni, na kufikia mwaka wa 2016 wachumaji matunda walikuwa wakitia sahihi mikataba hiyo. Mfanyakazi anajiona kwenye picha: kazi yake, saa zake, mshahara wake. Ni katuni, lakini pia ni mkataba kamili.

Sisi tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na kile anacholipia. Mkopaji asiyeelewa alichotia sahihi amenyimwa haki hiyo, hata kama sahihi ni yake.

Kwa hivyo tudai ukurasa mmoja tu, wa kwanza, kwa Kiswahili, ujibu maswali manne. Jumla nitalipa ngapi hadi siku ya mwisho? Nikichelewa siku moja, itakuwaje? Mnaweza kuichukua pikipiki lini, na mtanipa notisi ya siku ngapi? Ni lini itaandikwa kwa jina langu?

Kampuni ikidai kwamba hiyo ni kazi ngumu, iulizwe ni nani aliyeichorea lile tangazo. Arudi kazini.