Gari la Kufaa, Si Gari la Kusifiwa

Wafanyakazi wengi siku hizi wanauliza swali moja: mtu aliyejiwekea akiba yake, au aliyepata mkopo katika chama chake cha akiba na mikopo, anunue gari gani lililokwisha tumika, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambalo litawafaa mkewe, watoto wake na wazee wake? Wako watakaosema kwamba swali hili ni dogo mno kwa ukurasa huu. Sisi hatukubaliani nao. Baada ya nyumba, gari ndicho kitu cha thamani kubwa kuliko vyote ambavyo mfanyakazi hununua maishani mwake. Akikosea, kosa hilo hulipwa na watoto kwa karo, na mama wa nyumbani kwa chungu kisicho na kitoweo.

Magari ya namna hii zamani hayakuwa ya watu kama sisi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na Toyota ikaunda gari lake la kwanza la aina hiyo mwaka 1951, ambalo mwaka 1954 lilipewa jina la Land Cruiser. Kwa miaka mingi aliyeonekana ndani ya magari hayo alikuwa bwana shauri, padri au mwenye shamba kubwa la mkonge. Leo mwalimu, mwuguzi na karani wa bandarini wanaweza kuyamiliki, kwa sababu Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na sheria yao huyapima magari ya watu binafsi yakifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, kwa gharama ambayo huwafanya wengi wayauze yangali na nguvu. Jambo hili twalifurahia. Wala hatuungi mkono wale wasemao kwamba mfanyakazi akitaka gari la namna hii anataka anasa. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina lami, lakini vijiji vingi vilivyo milimani havina, na mgonjwa wa usiku wakati wa masika haulizi kama gari ni anasa. Huuliza kama litafika.

Lakini lazima tuseme wazi: wengi hawanunui gari kwa ajili ya barabara, bali kwa ajili ya macho ya jirani. Baada ya uhuru watu wetu walitunga neno "Wabenzi" kuwacheka wakubwa waliojitenga na wananchi kwa magari ya fahari. Sasa fahari ile ile imehamia katika magari marefu ya kwenda juu, na wale wale waliocheka wamo katika foleni ya kuyatafuta. Mtu anaishi mjini, kazini anakwenda kwa lami, nyumbani kwao anakwenda mara moja kwa mwaka, hata hivyo anakopa fedha za miaka mitano ili apate gari la kuvuka mito asiyoivuka. Akipenda chongo huita kengeza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuijua njia yako kabla ya kulijua gari. Magari haya ni ya namna mbili. Yako yaliyojengwa juu ya chesisi ya chuma, kama Land Cruiser Prado, Nissan Patrol na Suzuki Jimny, ambayo yana gia ya pili ya nguvu kwa matope na milima mikali. Na yako yaliyojengwa kama magari madogo, bodi na chesisi kitu kimoja, kama Toyota RAV4 iliyotoka mwaka 1994, Subaru Forester ya mwaka 1997 na Nissan X-Trail ya mwaka 2000. Haya hayakuumbwa kwa kuvuta magogo, lakini kwa barabara ya changarawe, vumbi na utelezi wa kawaida yanatosha sana, tena yanakula mafuta kidogo. Anayelima katika udongo mweusi wa mbugani ana haki ya kutaka lile la kwanza. Anayekwenda kijijini Krismasi au Idi, atosheke na la pili. Tena ahesabu watu wake: Jimny ni gari hodari, lakini viti vyake ni vinne, na mtoto wa tano hatakaa juu ya paa. Kila mtoto awe na mkanda wake. Asiye na mkanda hana kiti.

Jambo la pili ni hesabu ya mafuta. Tuseme unakwenda kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litakula lita 83. Linalokwenda kilomita 7 litakula lita 143. Tofauti ni lita 60 kila mwezi, yaani zaidi ya lita 700 kwa mwaka. Chukua bei ya lita moja iliyotangazwa mwezi huu, uzidishe, kisha ulinganishe jibu na karo ya mwanao. Hesabu hii haihitaji mtaalamu, lakini ni wachache waifanyao kabla ya kutia sahihi.

Jambo la tatu ni kulikagua gari lenyewe, na hapo usiende peke yako. Mchukue fundi unayemjua wewe, wala si fundi anayeletwa na muuzaji, na umlipe haki yake. Mfike asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa maana injini iliyokwisha pashwa moto huficha aibu zake. Moshi wa buluu waonyesha kwamba inaunguza oili; moshi mweupe usiokoma waonyesha kwamba maji yanaingia pasipopaswa. Fungueni kifuniko cha oili: mkiona kitu kama uji wa maziwa, ageni mwende zenu. Rejeta isifunguliwe ikiwa moto. Laleni chini ya gari mtazame chesisi, kwa kuwa magari yaliyotoka sehemu za theluji huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani, na rangi mpya juu ya kutu haiponyi kutu. Tazameni kama difu na gea boksi zinavuja. Tieni ile gia ya nguvu penye mchanga au matope, si juu ya lami kavu, mwone kama inashika kweli. Wengi hununua magurudumu manne wakapata mawili. Someni pia tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na katika yale magari ambayo magurudumu yote huvuta daima, matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na yamechakaa sawasawa, la sivyo difu huumia.

Jambo la nne ni karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya chesisi iliyogongwa katika chuma na iliyo katika kadi ziwe moja. Herufi zake nazo husema: Prado ya KDJ ina injini ya dizeli, na ya TRJ ina injini ya petroli. Kama gari lilipita katika mnada wa Japani, dai karatasi ya mnada. Alama ya R humaanisha kwamba liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Usiamini saa ya kilomita peke yake. Tazama usukani, pedali na kiti cha dereva. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolika hadi chuma. Tena ijue sheria ya nchi yako. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Uganda tangu mwaka 2018 imeyakataa yenye miaka 15 au zaidi. Kwetu Tanzania uzee wa gari huongeza ushuru, na ukubwa wa injini vile vile, hata bei ndogo ya kule Japani ikawa kubwa lifikapo bandarini.

Baada ya hayo yote, usimalize fedha zote katika kununua. Weka fungu kando kwa bima, matairi, oili na bushi za mwezi wa kwanza, kwani gari lililotumika huleta madeni ya mwenyewe wa kwanza. Ulizia spea mjini kwako na kwa fundi wa kijijini kabla hujatoa senti. Gari lenye sifa kubwa ambalo spea yake haipatikani si mali, ni kibanda cha kuku. Na likishakuwa lako, ulitunze: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatuwezi kumaliza bila kuwakumbusha wengine wajibu wao. Vyama vya akiba na mikopo vinatoa fedha za wanachama wote. Haifai mamilioni yatoke kwa picha ya gari na maneno matamu ya dalali. Twapendekeza kwamba pasitolewe mkopo wa gari lililotumika bila karatasi ya fundi asiye na uhusiano na muuzaji, na bila hesabu ya mafuta ya mwaka mzima iliyoandikwa na mkopaji mwenyewe. Vyama vya wafanyakazi navyo, vyenye mafundi stadi miongoni mwa wanachama wake, vingeweza kuwapa wenzao kazi hiyo kwa malipo ya haki. Kwa njia hiyo fundi atapata riziki, na mkopaji ataokoka. Na muuzaji anayerudisha nyuma saa ya kilomita ajue kwamba jina lake halisi ni mwizi, hata akivaa tai.

Ndugu zetu wafanyakazi, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkiambiwa kwamba gari litachukuliwa na mtu mwingine jioni hii, liacheni lichukuliwe. Magari yapo mengi. Akiba ya miaka kumi ni moja tu. Nunueni gari litakalowafikisha watoto wenu shuleni na wazee wenu hospitali, ambalo mwisho wa mwezi halitawanyima usingizi. Jirani akilisifu, vyema. Asipolisifu, nanyi mmefika salama.