Krimu Inayoficha Choa

Mwenye mwasho akiingia katika moja ya farmasi zilizopangana kando ya barabara za Butembo au Beni, mara nyingi hahitaji karatasi ya daktari ili atoke na krimu ya ngozi. Anakunja mkono wa shati, anaonyesha duara lenye ukingo ulioinuka, na muuzaji anashusha tubu kutoka rafu. Aghalabu ni ile ya mchanganyiko: mna dawa ya kuua fangasi, mna dawa ya kuua bakteria, na pamoja nazo mna dawa kali ya jamii ya kortizoni. Muuzaji hana nia mbaya. Kwa kuwa hajui ni ugonjwa gani, anatoa dawa inayodai kuyajua yote.

Toleo hili linahusu magonjwa ya fangasi ya ngozi, na linaanzia kwenye tubu hiyo kwa makusudi. Dawa za choa katika Grand Nord, yaani sehemu ya kaskazini ya jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, zipo, tena za bei ya chini. Kinachopungua ni mtu wa kukitazama choa chenyewe kabla hakijapakwa kitu.

Kortizoni hutuliza mwasho ndani ya siku chache, na hapo ndipo mgonjwa anapodanganyika. Ukingo unashuka, magamba yanapungua, mtu anaona amepona. Lakini kortizoni imeuzima mwili uliokuwa ukipambana, wakati fangasi inaendelea kula tabaka la juu la ngozi bila kusumbuliwa. Krimu ikiisha, choa kinarudi kikiwa kipana kuliko mwanzo na bila umbo lake la duara, kiasi kwamba hata daktari anaweza kukichukulia kuwa ugonjwa mwingine. Waingereza wawili, Ive na Marks, walieleza jambo hili mwaka 1968, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni habari mpya. Mtu akiendelea kuipaka kwa miezi, hasa kwenye kinena na makwapa, ngozi inakuwa nyembamba na kuchanika michirizi isiyofutika.

India imeshaonja matokeo makubwa zaidi. Choa sugu kimeenea huko, na fangasi inayokisababisha, Trichophyton indotineae, ilipewa jina lake mwaka 2020. Mara nyingi haisikii terbinafini, dawa iliyokuwa tegemeo. Madaktari wa ngozi wa India wanazilaumu, pamoja na mambo mengine, krimu za mchanganyiko zinazouzwa kiholela. Tayari fangasi hiyo imeonekana Ulaya na Marekani. Butembo ni mji wa wafanyabiashara: mizigo yake inapanda kutoka Mombasa na kuingia kupitia Kasindi, na wachuuzi wake wanajua njia ya Dubai na ya China kama wanavyojua ya Lubero. Ni busara kujifunza kwa India mapema.

Kortizoni ina mlango wa pili wa kuingilia nyumbani, nao ni krimu za kujichubua. Klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa kortizoni kali kabisa za kupaka, hutumiwa na wanaotaka weupe wa ngozi, wakipaka mwili mzima, kila siku. Utafiti uliofanywa Dakar na kuchapishwa mwaka 2003 uliyataja magonjwa ya fangasi kati ya madhara yaliyowapata wanawake wanaojichubua. Muuguzi anayekutana na choa kilichotapakaa mwili mzima aulize swali hilo kwa upole, faraghani. Aulize pia kuhusu kipimo cha virusi vya UKIMWI na cha sukari, kwa sababu kinga iliyoshuka hutoa picha ileile.

Sasa, kukitambua. Choa cha mwilini ni rahisi kikiwa hakijachokozwa: duara linalokua polepole kwenda nje, ukingo wenye magamba, katikati kukielekea kupona. Chanzo kinaweza kuwa mtu mwingine, paka, au ndama. Wafugaji wa nyanda za juu za Lubero wanastahili kuulizwa kuhusu ng'ombe wao. Tiba yake haina mbwembwe. Pomadi ya Whitfield, ambayo ni asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, imetumika tangu mwanzoni mwa karne iliyopita na bado inafanya kazi. Mikonazoli au klotrimazoli, tupu, bila kortizoni, hufanya vilevile. Hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, kuvuka kidogo ukingo wa duara, na kuendelea kwa siku kadhaa baada ya alama kupotea. Wengi huachia siku ya tano, mwasho unapoisha.

Kichwa ni habari nyingine kabisa, na ndicho kinachowapotosha wengi zaidi. Mashilingi ya watoto, yaani choa cha kichwani, hayaponi kwa krimu, hata ipakwe mwaka mzima, kwa kuwa fangasi imeshaingia ndani ya unywele hadi shinani. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Griseofulvini inatosha kwa kawaida, kwa kipimo kinachofuata uzito wake, wiki 6 hadi 8. Dawa hii huingia mwilini vizuri ikiliwa pamoja na mafuta, na hapa Grand Nord imebarikiwa: sombe au maharage yaliyoungwa kwa mawese, kipande cha parachichi, kikombe cha maziwa. Muuguzi anayesahau kumwambia mama jambo hilo anapunguza nguvu ya dawa aliyoiandika mwenyewe.

Kuna mtoto mwingine anayeumizwa bila sababu. Fangasi ya kichwani wakati mwingine huleta uvimbe laini, wenye usaha unaotoka kwenye matundu ya nywele, na nywele zinang'oka bila nguvu. Unafanana na jipu kwa kila hali. Anayeupasua kwa wembe anaongeza kidonda na kovu lisiloota nywele tena, huku ugonjwa ukibaki palepale. Uvimbe huo unatibiwa kwa dawa ileile ya kumeza.

Miguu inafuata buti. Butembo iko juu, kwenye baridi na mvua, na matope yake yanajulikana. Mkulima, dereva wa pikipiki na mchimba dhahabu wa upande wa Mangurujipa wanashinda ndani ya buti za mpira. Vidole viwili vya mwisho vinabanana, ngozi ya katikati inalowa, inageuka nyeupe, inapasuka. Mwenyewe anaona ni jambo dogo, mpaka bakteria wapite kwenye mpasuko na mguu mzima uvimbe. Beni iko chini zaidi na ina joto, kwa hiyo jasho ndilo linalofanya kazi hiyo, pamoja na kuleta mabaka yaliyopauka ya kifuani na mgongoni ambayo vijana huyaonea aibu. Mabaka hayo hutibika. Rangi ndiyo hukawia, miezi kadhaa, na mtu asidhani dawa imeshindwa. Vidonge vya ketokonazoli visitumiwe kuharakisha: mwaka 2013, kwa sababu ya kuharibu ini, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visitishwe kuuzwa, na ya Marekani ikaviwekea vizuizi vikali.

Si kila doa ni fangasi. Baka lililopauka lisilohisi mguso wa pamba ni la kuchunguzwa ukoma, ugonjwa ambao Kongo bado inaupata kila mwaka. Mwasho wa usiku unaoshika familia nzima, kati ya vidole na kiunoni, ni upele, na upele una dawa yake. Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze dharura ya mpox tarehe 14 Agosti 2024, wapo pia wanaoogopa kila kipele. Mpox huja na homa, matezi yaliyovimba na vipele vinavyojaa maji kisha usaha. Choa hakileti homa.

Hofu hiyo ina historia. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliwaua watu 2,287 katika mlipuko ambao Beni, Katwa na Butembo zilikuwa kitovu chake. Vituo vidogo vya binafsi, pamoja na vile vinavyoitwa tradi-moderne kwa kuwa huchanganya tiba za asili na za kisasa, vilitajwa wakati ule kama sehemu za maambukizi, na baadaye wengi wakavichukulia kuwa mahali pa kulaumiwa. Jarida hili linaviona tofauti. Ndiko mwenye mwasho anakokwenda kwanza, na ataendelea kwenda. Heri wahudumu wake wafundishwe.

Kufundisha kwenyewe hakuhitaji miaka. Nchini Mali, wauguzi na madaktari wa vituo vya kawaida walipewa mafunzo mafupi ya magonjwa machache ya ngozi yanayoonekana kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: wagonjwa waliopata utambuzi ulio wazi na tiba inayofaa walipanda kutoka asilimia 42 hadi 81, na gharama ya dawa walizoandikiwa ikashuka kwa robo. Huko Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC kimekuwa kikiwaandaa maofisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Madaktari bingwa wa ngozi wa Kongo ni wachache, na wengi wako Kinshasa. Kuwangoja ni kuchagua kutotibu.

Kifaa nacho hakiko mbali. Hadubini inayotafuta malaria na kifua kikuu inaweza kuonyesha nyuzi za fangasi: magamba machache yaliyokwanguliwa kwenye ukingo wa choa, tone la potasi (KOH), dakika chache za kusubiri. Ombi la toleo hili kwa zoni za afya za Beni, Butembo na Katwa ni chupa hiyo ya potasi katika kila maabara, na krimu za mchanganyiko zihamie nyuma ya kaunta mpaka mtu aliyesoma aziandike.

Makala ya mwisho ya toleo ni ya wakuu wa shule, hasa wale wanaopokea watoto wa familia zilizokimbia vita, wanaolala wengi katika chumba kimoja. Mashilingi yakionekana darasani, wachunguzwe pia jirani wa benchi na ndugu wa nyumbani, na kinyozi aombwe kusafisha mashine yake kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa. Mtoto mwenyewe asifukuzwe. Akishaanza dawa anaweza kuendelea na masomo; kofia, taulo na chanuo viwe vyake peke yake mpaka wiki zake ziishe.