Gripu ya betri: tununue au tuache?

Wenzangu, naona mjadala wa gripu ya kamera umepamba moto. Mimi nasema tuache. Gripu inafungwa chini ya kamera, inabeba betri mbili badala ya moja. Sawa, picha zinaongezeka. Lakini gripu haizalishi umeme! Betri mbili zikiisha zinataka chaji zote mbili, na foleni ya sola mnaijua. Betri ya akiba mfukoni inafanya kazi ileile, kubadilisha ni nusu dakika.

Ndiyo, zipo gripu zinazokubali betri za AA, zile za redio. Ila zile za bei rahisi kamera inazimaliza upesi mno.

Kubwa zaidi ni umbo lake. Kamera inakuwa nene, unaonekana mwandishi wa habari kutoka mbali. Amade Abubacar wa redio ya jamii alikamatwa Macomia tarehe 5 Januari 2019 akiwa kazini na watu waliokimbia mashambulizi, akakaa ndani miezi mitatu na zaidi. Kwetu, kamera inayofungika ndani ya kapulana ina maana kuliko picha mia za ziada.

Anayepiga harusi kutwa nzima, haya, yeye anunue. Na ndugu zetu wa mashirika mnaotaka kutuchangia: leteni betri na chaja ya sola kwanza.