Kompyuta Haisikii Lafudhi

Imani imekita mizizi katika madarasa yetu ya kompyuta kwamba jina la kila lugha ya programu lina matamshi sahihi ya aina moja tu, yale ya Kiingereza, na kwamba anayeyakosa bado hajaiva. Kagera inaumia zaidi kwa imani hii. Kijana wa Bukoba au Muleba aliyelelewa kwa Kihaya hakuikuta sauti ya "th" katika lugha ya mama, hivyo Python kinywani mwake huweza kuwa "Paisoni". R na l nazo hupokezana kwa wepesi, hata lugha yenyewe huandikwa Oruhaya na Oluhaya, kwa hiyo Ruby huweza kutoka "Lubi". Hapo huchekwa mara mbili: kwanza kwa lafudhi, kisha kwa ule utani wa "nshomile", kwamba Mhaya msomi hatakiwi kushindwa na Kiingereza. Kicheko hicho hakina msingi wowote, na ushahidi umo katika majina yenyewe.

Tuanze na Java, maana jina hilo lilitokana na kahawa. Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliacha jina la awali la lugha ya James Gosling na wenzake, Oak, ikachukua Java, jina ambalo Wamarekani walizoea kuiita kahawa. Kahawa nayo ililipata kutoka kisiwa cha Indonesia ambacho wenyeji hukiita Jawa na Waholanzi waliokitawala hukiita "Yava". Mtoto wa mkulima wa kahawa wa Kamachumu, mkoani Kagera, anadaiwa usahihi ambao Waingereza wenyewe hawakuuheshimu walipolichukua jina hilo. Python iliyotolewa mwaka 1991 ni ya Mholanzi, Guido van Rossum, aliyeipa jina la kipindi cha vichekesho cha Monty Python. Neno hilo asili yake ni Kigiriki, na Wagiriki wa leo hulianza kwa "pi". "Pai" ni ya Waingereza. Wafaransa nao husema "Piton", bila "th" kabisa. Lugha ya C ni "si" kwa Mwingereza, "tse" kwa Mjerumani, "chi" kwa Mwitaliano. Na Ruby, inayowaaibisha wengi wetu, iliundwa na Mjapani, Yukihiro Matsumoto, ambaye lugha yake haitenganishi r na l. Kwa kipimo tunachowawekea vijana wetu, hata aliyeiunda Ruby angeweza kuambiwa hajui kuitaja.

Wapo watakaosema kwamba mwenye jina ndiye mwenye kauli, basi tutamke kama alivyotamka yeye. Hoja hiyo inawageukia wanaoitoa. Linus Torvalds, Mfini ambaye lugha yake ya mama ni Kiswidi, aliwahi kujirekodi akilitamka jina la mfumo wake wa Linux, na matamshi yake yako karibu zaidi na "Linuksi" kama Mswahili angelisoma kuliko "Linaksi" ya wazungumzaji wengi wa Kiingereza. Hatujasikia mtu akiwaambia hao kwamba hawaijui Linux. Kanuni inayombana mnyonge na kumwacha mwenye nguvu aseme apendavyo si kanuni ya lugha, ni ubaguzi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: anayetamka vibaya ataandika vibaya. Ni kweli kwamba mwanafunzi anayeandika kama asemavyo anaweza kuandika "froat" badala ya "float", na Python itamjibu kwamba jina hilo hailijui. Lakini kosa likosolewe pale lilipo, kwenye tahajia. Hata mwenye Kiingereza cha kuzaliwa akiandika "Print" kwa herufi kubwa badala ya "print" atakataliwa vilevile, kwa sababu kompyuta husoma herufi, haisikii lafudhi. Na lipo kosa la majina linalostahili ukali wa mwalimu: kudhani Java na JavaScript ni lugha moja. Anayezichanganya hizo amekosa maarifa, hata akizitamka kama mtangazaji wa London.

Hoja ya mwisho ni ya ajira. Kijana atakwenda kwenye usaili Dar es Salaam au Nairobi, na asipoeleweka atakosa kazi. Hilo la kueleweka ni la haki, na dawa yake ni nyepesi: mwanafunzi ayajue matamshi yanayosikika kwingine, kama mfanyabiashara anavyojua majina ya bidhaa moja katika masoko mawili. Lakini kuyajua ni jambo moja, na kuyafanya kipimo cha akili ni jingine. Msaili anayesikia "Paisoni" akaelewa, kisha akampunguzia mtu alama, amempima asili yake badala ya kazi yake.

Gharama ya kicheko hiki ni kubwa, kwa sababu programu hujifunzwa kwa kuuliza, na anayeogopa kutaja jina la kitu hawezi kukiulizia. Walimu wa Bukoba na Muleba, acheni kusahihisha vinywa. Mpeni mwanafunzi kibodi, someni alichoandika, muulizeni kwa nini programu yake imefanya kazi au imekwama. Akieleza vizuri kwa lafudhi ya Kihaya, mpeni alama zake zote.