Moshi Bila Jasho: Tangazo la Gari la Moshi na Amana ya Wazee Wetu



Kuna aina ya tangazo la safari lisilozeeka. Huonesha injini nyeusi ya mvuke ikipanda mlima, moshi mweupe umetanda juu yake, na ndani ya behewa meza zimetandikwa vitambaa safi na vikombe vya chai. Maneno yake ni machache: njoo uonje utulivu wa zamani. Kila litokapo tangazo la namna hiyo, wapenzi wa reli, nao ni wengi duniani, huanza kubishana. Mmoja atasema injini ile haikupata kupita katika njia ile. Mwingine atahesabu magurudumu na kutaja kiwanda kilichoiunda. Wa tatu atauliza kama moshi ule ni wa kweli.

Msomaji aweza kuuona ubishi huo kuwa ni wa watu wasio na shughuli. Mimi nauheshimu, kwa kuwa picha ya gari la moshi hudanganya kwa urahisi. Chukua mfano wa filamu ya Out of Africa, iliyotoka mwaka 1985 na kupigwa nchini Kenya. Humo tunaonyeshwa treni ya mvuke ikikata mbuga, nayo hupendeza macho. Lakini injini ile ilitolewa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, wala haikuwa na uwezo wa kujiendesha. Iliyofanya kazi ni injini ya dizeli iliyovishwa sura ya behewa la mizigo, ikisukuma kutoka nyuma, na moshi ulikuwa wa kutengenezwa.

Katika filamu jambo hilo lina udhuru, maana mtazamaji ameingia akijua kuwa anatazama maigizo. Katika biashara ni mlango mwingine. Kila aliyepita madrasa anakijua kisa cha muuza nafaka katika soko la Madina, aliyeiacha iliyoloa mvua ikakaa chini na kavu ikaonekana juu. Anayeuza safari naye ana wajibu wa kuonesha chini ya lundo. Kwa hiyo mpenzi wa reli anayeuliza namba ya injini ameshika nusu ya haki.

Nusu ya pili imesahauliwa na pande zote mbili, kwa kuwa mtangazaji na mbishani wote wawili wanaitazama injini. Nani anawatazama watu?

Sisi wa Mpanda tuna sababu ya kuuliza swali hilo. Kwetu reli haijawa jambo la kale. Tawi la reli linalotoka Kaliua, likavuka mto Ugalla na kupenya miombo kwa takriban kilomita 210, lilifika Mpanda mwaka 1950. Halikujengwa kwa ajili ya abiria, wala kwa ajili ya mkulima wa mahindi. Lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, miaka kumi tu baada ya treni kuwasili.

Wakati uleule kusini mwa nchi ilijengwa reli nyingine, kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga zilishindikana, na mwaka 1962 reli ile ilifungwa, kisha ikang'olewa. Ya Mpanda ilipoteza shehena iliyoizaa, lakini haikung'olewa. Iliendelea kupata riziki kwa wasafiri wa kwenda Tabora, kwa magunia ya mahindi na mpunga, kwa asali na mbao. Uhai wake umetokana na watu na mizigo yao, nao hawamo katika tangazo.

Hebu tuitazame picha ile tena kwa jicho hilo. Moshi mweupe una mtu nyuma yake. Injini ya mvuke haiwashwi kwa ufunguo. Moto huanza kuwashwa saa kadhaa kabla ya safari, mpaka maji yachemke na mvuke upate nguvu ya kusukuma pistoni. Yupo aliyelisha tanuri akiwa amesimama juu ya chuma kinachotikisika, uso ukiwa motoni na mgongo ukiwa kwenye baridi ya usiku. Yupo aliyechota majivu na kusafisha mabomba. Maji yalihitajika njiani, na katika nyanda kavu za Tanganyika hilo lilikuwa jambo zito, hata injini za kundi la 30 zilizoundwa Glasgow miaka ya 1950 zikapewa tangi kubwa kwa ajili ya masafa marefu. Na yupo aliyetembea kwa miguu juu ya mataruma, akikagua njia katika pori la mbung'o na wanyama wakali, ili wengine wapite salama.

Nyumbani kwa kila mmoja wao kulikuwa na familia. Mke wa mfanyakazi wa reli alilea watoto huku mumewe yuko safarini, akahamishwa stesheni hadi stesheni kwa amri ya barua, akaanza upya ujirani kila mara. Mama mwingine aliamka alfajiri kupika wali na kuchemsha mihogo, apate kuuza dirishani kwa dakika chache treni inaposimama. Watoto wangapi walisomeshwa kwa sinia lile!

Hapo Nairobi, katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1971, zimehifadhiwa injini zenye majina ya kwetu. Ipo Nyaturu, yenye jina la watu wa Singida. Ipo Mount Gelai, mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na Mount Shengena, kilele cha Upare. Hizi mbili za mwisho ni za kundi la 59, lililoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252, na hazikuwahi kupatikana kubwa kuliko hizo katika reli za upana wa mita moja. Chuma kimepewa jina na namba. Mikono iliyokilisha moto imepewa nini?

Sisemi kwamba kuikumbuka zamani ni kosa. Mzee anayetabasamu asikiapo honi ya treni hamdanganyi mtu, kwani anaukumbuka ujana wake, nao ni mali yake. Tena hata lugha yetu imekataa kusahau, ndiyo maana wengi wetu tunaliita gari la moshi hadi leo, ingawa linavutwa na dizeli. Tatizo huanza pale ujana wa mzee yule unapouzwa kwa mgeni, yeye mwenyewe akiwa hayumo hata katika picha.

Na jambo hili lina haraka. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 akilisha tanuri mwaka 1975, leo amevuka 70. Wengi wa wenzake wametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kila jeneza linalotoka katika nyumba za wastaafu wa reli huondoka na habari zisizoandikwa popote.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, wiki hii mpe mwanao daftari na umtume kwa babu, au kwa jirani aliyestaafu reli. Aende kwa adabu, baada ya Alasiri, asimkatishe maneno. Amuulize aliajiriwa vipi, alilipwa nini, ni usiku gani aliogopa, nani alifia kazini na alizikwa wapi. Kisha amgeukie bibi, amuulize nyumba iliendaje mume asipokuwepo. Aandike majina, miaka na stesheni. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe shuleni au katika maktaba ya msikiti.

Tangu tarehe 1 Agosti 2024, Dar es Salaam na Dodoma zimeunganishwa rasmi na treni ya umeme, na tayari watu wameanza kuiita ya mita moja "reli ya zamani". Haitapita muda mrefu kabla treni yetu hii, yenye magunia mlangoni na kuku chini ya viti, haijawekwa katika tangazo la kuwavutia watalii, ikiwa imesafishwa na kutandikwa vitambaa vyeupe. Siku hiyo wajukuu wetu watahitaji kujua kilichofutwa. Watakijua ikiwa tu kuna daftari la kufungua.

Wabillahi tawfiq.